Rivolva ya zamani imeshika kutu ndani: soma dalili kabla ya kushika msasa

Mama mmoja jirani yetu hapa Houston aliniletea rivolva ya marehemu mumewe ikiwa imezungushiwa soksi ya sufu. Ilikuwa Smith & Wesson inayotumia risasi aina ya .38 Special, ile familia ya Military & Police iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899 na ambayo tangu 1957 inaitwa Model 10. Kwa nje ilikuwa na madoa machache tu ya kahawia. Kifyatulio kilikuwa hakisogei hata unywele. "Imekufa?" akaniuliza. Nikamwambia asubiri, kwa sababu ukiitazama nje huwezi kujua kilichoko ndani.

Mimi nimezaliwa Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari unakula mabati, bawaba za milango na baiskeli. Hewa ya Houston ni ndugu yake. Tangu nianze kufanya kazi kwenye benchi la fundi silaha, nimeona vyuma vya zamani vingi vikiharibiwa na mikono ya wenyewe kuliko vilivyoharibiwa na kutu. Mtu anaona wekundu, anakimbilia msasa, anasugua mpaka pang'ae, na hapo ameondoa chuma ambacho hakirudi. Unachotakiwa kufanya ni kuisimamisha kutu na kuacha chuma kilichobaki kama kilivyo. Mng'ao si kazi yako. Nitaeleza dalili moja moja kama zinavyonijia mezani, nikitumia Smith & Wesson kama mfano kwa kuwa ndiyo ninayoijua zaidi.

Kwanza neno kwa walio nyumbani. Ukiwa Tanzania au Kenya na umeachiwa silaha na baba au babu, jua kwamba silaha hairithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya marehemu. Toa taarifa polisi kwanza, na kazi ya kuifungua mwachie fundi mwenye kibali. Yanayofuata yanamhusu mtu ambaye sheria ya mahali alipo inamruhusu kuwa nayo.

Silinda haifunguki, hujui kama kuna risasi ndani

Hii naianza kwa sababu inaua. Rivolva iliyoganda kwa kutu ihesabu kuwa ina risasi mpaka uthibitishe kwa macho. Usitie macho mbele ya mtutu. Ielekeze mahali salama, chukua tochi, tazama kutoka ubavuni kwenye ule uwazi mwembamba nyuma ya silinda, lile gurudumu linalobeba risasi: kama kuna risasi au maganda, utaona kingo zake za shaba zikitokeza. Ganda tupu na risasi nzima vinafanana kwa nyuma. Kwa hiyo mbele ya silinda tumia kamera ya simu ikiwa imeegeshwa juu ya kitu, mkono wako ukiwa pembeni, upige picha vyumba vinavyoonekana, yaani yale matundu ya risasi. Kile kimoja kilichojipanga na mtutu hakitaonekana, na hicho ndicho cha kuogopa.

Ukiona risasi, simama hapo. Usigonge, usipashe moto, usichomeke fimbo kwenye mtutu. Watu husema mafuta ya kupenya yataua fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Usiitegemee kauli hiyo, kwa maana fataki nyingine hulowa siku kadhaa na bado hulipuka. Mpelekee fundi, ukiwa umempigia simu kabla na kumweleza hali ilivyo.

Kama ni tupu na silinda bado haitoki, chanzo mara nyingi si kutu kabisa. Kwenye Smith & Wesson, ile fimbo ya kutolea maganda iliyo chini ya mtutu imefungwa kwa nyuzi za skrubu. Ikilegea inarefuka, inasukuma pini ya mbele, na silinda inakwama kana kwamba imechomelewa. Jaribu kuishika fimbo kupitia uwazi wake na kuizungusha huku ukisukuma silinda taratibu. Upande wa kukazia hautegemei kubahatisha: za zamani hukazwa kwa kulia, lakini kiwanda kilibadili nyuzi kuwa za kushoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa kwa sababu ya tatizo hilihili. Mtu asiyejua hilo hukata nyuzi kwa koleo, kisha anailaumu kutu.

Kifyatulio na nyundo ni vizito, au havisogei

Hapa jiulize swali moja: ni kutu, au ni mafuta yaliyoganda? Mafuta ya zamani, hasa yale ya mimea ambayo watu walitumia kwa kila kitu, hukauka yakawa kama utomvu wa rangi ya kahawia. Ukiyaona kupitia upenyo wa nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, utaapa ni kutu. Tofauti yake ni rahisi. Chukua kijiti cha meno ukwangue. Utomvu unatoka kama nta, na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kinaubeba. Kutu inatoka kama vumbi la matofali.

Ile ya jirani yangu, robo tatu ya ugonjwa ilikuwa utomvu. Niliondoa vishikio vya mbao, nikaizamisha fremu nzima, yaani kiunzi cha silaha, kwenye bakuli la mafuta ya taa kwa siku mbili, nikiigeuza asubuhi na jioni. Siku ya pili kifyatulio kilianza kupumua. Vishikio usivitie humo kamwe. Mbao hunyonya, pembe hubadilika rangi, na vile vya mpira mgumu wa enzi za zamani huvunjika kama biskuti.

Kama mafuta ya taa hayakutosha, mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia otomatiki unapenya kuliko dawa nyingi za chupa. Tikisa kabla ya kutumia kwa sababu hujitenga, fanyia nje, mbali na moto. Weka matone kwenye mhimili wa nyundo, kwenye mhimili wa kifyatulio na kwenye upenyo wa kidole kinachosukuma silinda. Kisha subiri. Siku nne za kusubiri ni nafuu kuliko pini moja iliyovunjika ndani ya fremu. Nimeshuhudia mtu akivuta nyundo iliyoganda kwa nguvu za mikono miwili. Nyundo ilitoka, lakini na mhimili wake ulikatika, na mhimili huo ni sehemu ya fremu.

Kifungue bila kukijeruhi

Hii si dalili, ila majeraha mengi hutokea hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tumia bisibisi ambazo ncha zake zimenolewa sawasawa, zisizo na umbo la kabari. Bisibisi ya dukani ina ncha ya kabari, inapanda na kuchana kichwa cha skrubu. Skrubu za bamba la ubavu, kile kifuniko cha ubavuni mwa fremu, hazilingani: chora umbo la rivolva kwenye kadibodi, toboa, na kila skrubu ichomeke mahali ilipotoka. Ya mbele kabisa, inayoshika mkono wa silinda, ule unaoibeba inapofunguka, ina umbo lake na haibadilishani na nyingine.

Bamba la ubavu halibanduliwi kwa bisibisi. Limekaa kwa kubana sana, na ukilichokonoa kingo zake zinapinda na mstari utaonekana milele. Legeza kwanza skrubu iliyo mbele ya kishikio inayoikaza springi kuu ya bapa, utoe springi. Halafu shika fremu, bamba likiwa juu, upige upande wa kishikio kwa mpini wa mbao wa nyundo ya fundi. Gonga, gonga, gonga. Bamba litanyanyuka lenyewe. Likikataa, rudi kwenye matone ya mafuta ya kupenya kando ya mstari wake na ulale usiku mmoja.

Ndani kuna vitu viwili vya kuheshimu. Kile kipande cha mraba nyuma ya kifyatulio, kinachokirudisha mbele, kina springi yenye nguvu. Kifunike kwa kitambaa unapokitoa, la sivyo kitaruka kikupige jicho, vaa miwani. Cha pili ni kijibamba chembamba kinachotelezea kwenye mfereji wa bamba la ubavu. Kazi yake ni kuizuia nyundo isifike kwenye fataki silaha ikianguka. Kiliingizwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, baada ya baharia wa Marekani kuuawa na rivolva iliyodondoka sitahani. Ni rahisi kukisahau wakati wa kuunganisha, na bila hicho silaha inafanya kazi kama kawaida, ndiyo maana ni hatari. Za kabla ya hapo, zikiwemo nyingi za wakati wa vita zenye herufi V mbele ya namba, hazina kijibamba hiki cha kutelezea. Hizo, hata baada ya kusafishwa, nyundo iachwe juu ya chumba kitupu.

Kutu nyekundu ndani ya fremu, kifyatulio hakirudi mbele

Kifyatulio kisichorudi kwa kawaida kinatokana na kile kipande cha mraba kutelezea juu ya sakafu yenye kutu. Sugua sakafu hiyo kwa kijiti cha mbao kilicholowa mafuta na kipande cha stili wulu laini kabisa, ile ya namba 0000, ukisafisha kila mara ili unga wa kutu usigeuke msasa. Brashi ya meno ya kawaida na brashi ndogo ya shaba nyeusi zitafika pembeni.

Mahali nyundo na kifyatulio vinaposhikana, usiguse kwa kitu chochote kikali. Nasema hili kwa uzito wote. Nyundo na kifyatulio vya Smith & Wesson za zamani vimekaushwa ugumu juu tu, tabaka jembamba kama ganda la yai. Ukipitisha tupa au msasa pale, umevuka ganda na kufika kwenye chuma laini. Itafanya kazi vizuri wiki mbili, kisha ncha italika, na nyundo itashuka bila kuvutwa. Kama pale pana vishimo vya kutu, sehemu inabadilishwa. Hakuna dawa nyingine.

Springi nazo zina neno lake. Springi ya bapa yenye kutu juu juu inafutwa kwa mafuta. Yenye kishimo, hata kidogo kama punje ya mtama, itakatikia hapohapo siku moja. Na springi yoyote usiitie kwenye siki, asidi wala umeme wa kuondolea kutu: haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kioo. Springi mpya ni bei ndogo, nunua.

Siki ilisafisha kutu, lakini weusi nao umekwenda

Wengi huniletea hali hii wakiwa na majonzi. Ule weusi wenye ubuluu juu ya bastola si rangi iliyopakwa. Wenyewe ni oksaidi ya chuma, ndugu wa kutu, ila ni ile nyeusi iliyoshikamana na isiyolika. Asidi haijui kubagua ndugu: siki, maji ya ndimu, asidi ya fosfori, vyote vinaondoa kutu nyekundu na weusi wa kiwandani pamoja. Kwa kipande cha ndani ambacho hakikuwa na weusi, siki kwa nusu saa si dhambi, mradi ukisuuze kwa maji yenye magadi, ukikaushe mara moja na kukipaka mafuta. Kwa fremu na silinda, usithubutu.

Umeme nao ni hivyohivyo. Bakuli la plastiki, maji yenye soda ya kufulia, chaja ya volti 12, kipande kwenye hasi, chuma cha kawaida kwenye chanya. Unafanya kazi nzuri kwa skrubu na vipande vidogo vilivyoharibika sana. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye chanya kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu, na fanyia nje kwani gesi inayotoka huwaka. Binafsi nautumia mara chache. Unaondoa umri pamoja na ugonjwa.

Kutu inarudi kila baada ya wiki mbili

Umesafisha, umepaka mafuta, umefurahi. Wiki mbili baadaye unga mwekundu umerudi palepale. Usilaumu mafuta. Kuna chumvi ndani ya chuma.

Chumvi hiyo ina historia. Risasi za kijeshi za Vita Kuu ya Kwanza, na nyingi za ile ya Pili, zilikuwa na fataki zenye kloreti ya potasiamu. Ikilipuka inaacha kloridi ya potasiamu, jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani, ambayo inanyonya unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi hata ukipaka pipa zima. Yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chini kwa chini. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Askari wa zamani walimimina maji ya moto mtutuni kabla ya mafuta, na walikuwa sahihi. Jasho la mikono na ngozi ya mfuko wa bastola huleta chumvi na asidi kwa njia yao.

Tiba ninayoipenda kuliko zote inatoka kwenye ufundi wa zamani wa kutia weusi kwa kutu. Kifungue kila kitu, toa springi na vishikio, osha mafuta yote kwa asetoni. Chemsha vipande kwenye sufuria safi yenye maji ya mvua au maji yaliyotoneshwa, dakika 15 hadi 20. Maji ya bomba yana chokaa, yataacha madoa. Yakichemka mbele ya macho yako utaona jambo zuri: kutu nyekundu inageuka nyeusi kama masizi ya mahameli. Imekuwa oksaidi ile ya pili, isiyolika. Chumvi nayo imeyeyuka majini. Toa kipande kikiwa bado cha moto, kitajikausha chenyewe kwa sekunde chache, kisha futa masizi kwa stili wulu 0000 uliyoiosha mafuta yake ya kiwandani. Weusi wa zamani unabaki mahali pake, na palipokuwa pekundu panapata weusi mpya unaofanana. Pakirudisha wekundu, rudia. Mara tatu zinatosha kwa nyingi.

Ya jirani yangu niliichemsha mara mbili. Mara ya kwanza maji yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Silinda inafunga kwa taabu, au inakwaruza ikizunguka

Kabla hujafungua chochote, bonyeza fimbo ya kutolea maganda na utazame chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Unga wa baruti na kutu kidogo tu pale huinua nyota, na silinda inabana nyuma. Brashi ya meno, dakika moja, imekwisha. Kama bado, toa mkono wa silinda usafishe bomba lake lililo ndani. Grisi ya zamani hugeuka kuwa gundi pale.

Silinda isipozunguka kabisa nyundo inapovutwa, kile kidole kinachosukuma kimeganda ndani kwa sababu springi yake ndogo ina kutu. Ikizunguka lakini ikapitiliza bila kujifunga, kizuizi cha chini hakipandi, tafuta uchafu kwenye tundu lake. Na kama baada ya usafi wote chumba hakijipangi sawasawa na mtutu nyundo ikiwa nyuma kabisa, hiyo si kutu tena. Usipige nayo.

Mtutu na vyumba vina vishimo

Vishimo havitoki. Kutu itatoka kwa brashi ya shaba nyeusi na mafuta ya kupenya, mashimo yatabaki. Mtutuni si msiba mkubwa. Kwenye vyumba, ganda linapanuka linapopigwa na kushika kwenye mashimo, ndiyo maana maganda yanakataa kutoka. Ukuta wa chumba ulio mwembamba, wenye vishimo virefu, unaweza kupasuka. Na rivolva zilizoundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, nyingi za karne ya 19, hazistahimili risasi za leo hata zikiwa safi kama siku ya harusi. Hizo zibaki kumbukumbu.

Zilizopakwa nikeli zitazamwe peke yake: kutu inatambaa chini ya tabaka na nikeli inabanduka kama magamba. Usizisugue, na usitumie dawa yenye amonia kwa maana hula shaba ambayo baadhi huwa nayo chini ya nikeli.

Baada ya kuunganisha

Mafuta kidogo. Tone moja kwa kila mhimili, ukungu wa mafuta kwenye kuta, basi. Mafuta mengi ndiyo utomvu wa miaka 30 ijayo. Hakikisha kile kijibamba cha usalama kimerudi mahali pake, skrubu ya springi kuu imekazwa mpaka mwisho, na jaribu mwendo wake kwa risasi bandia.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, wala soksi, wala sanduku lenye sponji. Vyote vinashika unyevu. Iwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, ndani yake pakiti za silika, na kipimo cha unyevu kikisoma chini ya asilimia 50. Ukiishika, vaa glavu au ifute kabla ya kuirudisha.

Jirani yangu nilimrudishia ikiwa na madoa yake meusi palipokuwa pekundu, na mikwaruzo ya mkono wa mumewe kwenye kishikio nimeiacha yote. Mwezi uliofuata nilikwenda kwake na tochi, tukatoa vishikio, tukatazama ndani ya fremu. Palikuwa peusi na pakavu. Tumekubaliana nirudi masika yatakapoisha.